Kijiji Kinapobisha Hodi Chuoni: Mwongozo Kamili wa Kufanya Kazi na Vyuo Vikuu vya Nyanda za Juu Kusini

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Mbili za kwanza zina ratiba, bajeti na mitihani. Ya tatu hubaki kwenye hotuba za mahafali. Tangu Umoja wa Mataifa upitishe Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, yenye ukomo wa 2030, vyuo vyetu vimeandaa makongamano mengi juu yake, na mengi yamefanyika kwa Kiingereza, ukumbini. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa kijiji, kikundi cha wakulima, jumuiya ya watumia maji au shule ya kata inayotaka kukitumia chuo kilicho jirani kutatua tatizo lake.

Ili tusiongee hewani, tutabeba mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme kijiji chenu kiko Kilolo, Mufindi au Rungwe. Chemchemi iliyokuwa ikitosha watu wote sasa inasinyaa kuanzia Septemba. Juu yake kuna shamba la milingoti (mikaratusi). Wengine wanailaumu milingoti, wengine wanalaumu mvua, na wenye miti wanasema maji yamepungua kwa sababu watu wameongezeka.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Vijito vya Mufindi, Iringa na Mbarali ndivyo vinavyoulisha Ruaha Mkuu, na mto huo umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha miezi ya kiangazi tangu mwaka 1993. Chini yake kuna Bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu yenye megawati 204. Kama maji yenu yanaelekea huko, chemchemi yenu ni sehemu ya hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza: geuzeni malalamiko yawe swali

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kijiji kikienda chuoni na maneno "tuna shida ya maji, tunaomba msaada", kitajibiwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani. Chuo si mfadhili. Hakina fungu la kuchimba visima vya watu. Kilichonacho ni maabara, vipimo, walimu wanaojua jambo moja kwa kina, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao kila mwaka wanahangaika kutafuta mada ya mradi. Ukienda na swali zuri, umewapa wanachokitafuta.

Swali zuri lina namba ndani yake. Kabla ya kuandika barua yoyote, pimeni chemchemi yenu wenyewe. Chukueni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya sekunde. Elekezeni maji yote yapite kwenye bomba au gome moja, kingeni ndoo, hesabuni sekunde mpaka ijae. Rudieni mara tatu, chukueni wastani. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo maji hayo yanatosha watu 1,728, mradi usiku yasimwagike bure. Kama kijiji kina watu 2,000, mmekwisha kujua kitu ambacho hamkukijua asubuhi: upungufu upo, lakini tangi la kuhifadhi maji ya usiku lingeuziba kwa sehemu kubwa.

Pimeni kila wiki, siku ileile, saa ileile, mwandike kwenye daftari la jalada gumu. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja mwenye subira. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi au mama wa kamati ya maji. Ongezeni kipima mvua. Cha kununua ni bora, lakini chupa pana yenye kuta zilizonyooka na rula ya shule vinaanzisha kazi. Someni saa tatu asubuhi kila siku, kisha mwageni. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya ardhi, basi hata paa la shule mnaweza kulifanyia hesabu.

Kisha kaeni na wazee. Msiwaulize "zamani ilikuwaje", maana jibu lake litakuwa kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Ulizeni mambo yenye alama: chemchemi ilikauka kabisa mwaka gani? Milingoti ilipandwa kabla au baada ya hapo? Nani alikuwa mwenyekiti wa kijiji wakati huo? Vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, vilikuwa vinalimwa mpaka mwezi gani? Andikeni hata wanapopingana.

Sasa swali lenu linaweza kusomeka hivi: "Mtiririko wa chemchemi yetu unashuka kutoka kiasi hiki Mei hadi kiasi hiki Oktoba. Je, sababu kubwa ni miti iliyoko juu, kilimo cha mteremkoni, au mabadiliko ya mvua, na tufanye nini kwanza?" Swali la namna hiyo halina haja ya mtu wa kulisindikiza.

Hatua ya pili: chagueni mlango

Watu wengi hudhani chuo chochote kinafanya chochote. Sivyo.

Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho watu wanakiita MUST. Kilianza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya na kikawa chuo kikuu 2012. Nguvu yake ni uhandisi: ujenzi, mitambo, umeme, kompyuta. Mkitaka kusanifu tangi, mtego wa maji, mashine ya kusaga inayoendeshwa na mto au daraja la waenda kwa miguu, anzieni huko. Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe inafaa kwa mambo ya uhasibu, utawala na sheria, na msidharau hayo: vikundi vingi hufa kwa vitabu vya fedha, si kwa ukame. Ndaki ya Sayansi za Afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Mbeya pia, kwa maswali ya lishe na magonjwa.

Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari Mkwawa. Ni chuo cha walimu, lakini walimu wa sayansi hufundishwa na wanakemia na wanabaiolojia, na chuo cha walimu ndicho mshirika bora kama mnataka kipima mvua chenu kiwe somo la watoto shuleni. Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha kina sheria. Chuo Kikuu cha Iringa kinajulikana kwa maendeleo ya jamii, biashara, uandishi wa habari na utamaduni. Kilishiriki katika kuifanya Boma ya Mjerumani pale mjini kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa 2016. Naitaja Boma kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani maendeleo endelevu ni miti na maji tu. Kumbukumbu za Wahehe, Wabena na Wakinga nazo hupotea, na kwa kasi zaidi ya misitu.

Tena kuna taasisi ambazo si vyuo lakini pengine ndizo mnazozihitaji. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa mahindi, maharage na viazi mviringo. Kwa kahawa, kituo cha Mbimba, Mbozi, cha taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI. Kwa maji, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yenye makao Iringa, au za Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa kulingana na maji yenu yanakokwenda. Kama swali lenu ni "tupande mbegu gani", msipoteze mwaka chuoni, nendeni Uyole.

Chuo Kikuu cha Sokoine kiko mbali, Morogoro, lakini kwa udongo na misitu hakuna mwenye uzito kukizidi, na kimefanya kazi kwenye ukanda huu kwa miaka mingi. Nitarudi kwake.

Hatua ya tatu: muhtasari wenye muhuri

Hii ni fupi lakini hairukwi. Ajenda ipite halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari useme nani ameteuliwa kusimamia, watu wasiopungua wanne, wanawake wawe nusu, na mmoja awe mwenye milingoti. Ndiyo, mwenye milingoti. Utafiti unaomtenga mtuhumiwa hauheshimiwi ukimaliza. Mtendaji apige muhuri, atoe nakala kwa mtendaji wa kata.

Hatua ya nne: barua

Iandikwe kwa Makamu Mkuu wa Chuo, au kwa Rasi kama ni chuo kishiriki au ndaki, na kwa usikivu wa mkurugenzi wa utafiti. Ukurasa mmoja. Mkishamaliza "husika na kichwa cha habari hapo juu", nendeni moja kwa moja:

"YAH: OMBI LA KUSHIRIKIANA KUCHUNGUZA CHEMCHEMI YA KIJIJI. Kijiji chetu kina wakazi kadhaa (tajeni) wanaotegemea chemchemi moja. Tumepima mtiririko wake kila wiki tangu mwezi fulani. Nakala ya vipimo imeambatanishwa. Tunataka kujua sababu ya kupungua kwake na hatua ya kwanza ya kuchukua. Tunaomba mwalimu mmoja wa fani husika aje kuiona, na ikiwezekana wanafunzi wa mwaka wa mwisho waifanye kuwa mada ya miradi yao. Kijiji kitatoa malazi, mwenyeji wa kuwaongoza na daftari la vipimo. Mkutano mkuu wa kijiji umeridhia, muhtasari umeambatanishwa."

Basi. Msiweke historia ya kijiji tangu enzi za Mkwawa. Msiombe gari.

Baada ya wiki mbili, mtume mtu aende kwa miguu yake. Barua hukaa masjala. Mwenyekiti akipanda daladala hadi chuoni akiwa na nakala yenye kumbukumbu namba, akaulizia imefika meza gani, mambo hutembea. Akifika ofisini kwa mhadhiri, amsikilize kwanza yeye anatafiti nini. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na mwanafunzi huhitimu kwa ripoti. Mkijua hilo, mnajua cha kumpa, na mnajua pia atakaposhawishika kuondoka mapema.

Hatua ya tano: kalenda mbili zisizopatana

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na wanafunzi huenda mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba hivi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anakuja shamba likiwa halina kitu, na mazao yakiwa shambani yeye yuko darasani.

Kwa chemchemi hii ni bahati, kwa kuwa kiangazi ndicho kinachotakiwa kupimwa. Kwa utafiti wa viazi au mahindi ni tatizo, na dawa yake ni kijiji kuendelea kupima peke yake wakati wa mvua. Ndiyo maana nilisisitiza daftari. Bila vipimo vyenu vya Januari, ripoti ya mwanafunzi itaeleza nusu ya mwaka na kuiita mwaka.

Barua ifike chuoni Februari au Machi, mada za miradi na nafasi za mafunzo zinapoanza kupangwa. Ikifika Juni, mmechelewa.

Hatua ya sita: makubaliano kabla ya mtu kushuka na begi

Kwa mtafiti wa chuo cha ndani, njia ya kawaida ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au halmashauri, kisha kata, ndipo kijiji. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Mwombeni kila mtu karatasi yake, bila aibu. Mtu mwema haudhiki kuulizwa.

Karatasi hizo zinamlinda mtafiti. Za kuwalinda ninyi mnaziandika wenyewe, kurasa mbili zinatosha, na ndani yake yawemo mambo haya.

La kwanza ni lugha. Maswali ya dodoso yasomwe kwa kamati kwa Kiswahili kabla hayajaulizwa kwa yeyote. Ripoti ya mwisho iwe na toleo la Kiswahili la kurasa nne au tano, lenye michoro. Hili ndilo sharti ninaloliona lina thamani kuliko yote, na ndilo vyuo hulipuuza kwa urahisi, kwa sababu msimamizi wa mwanafunzi hasahihishi toleo la Kiswahili. Basi waambieni mapema kwamba kijiji hakitasaini fomu ya kumaliza mafunzo kabla ya kulipokea.

La pili ni takwimu. Nakala ya vipimo vyote ibaki kijijini. Majina, namba za simu na kipato cha watu visitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na mwananchi ana haki ya kukataa kuhojiwa bila kutoa sababu.

La tatu ni vitu vinavyoondoka. Mtu akichukua udongo, maji au mbegu za asili, iandikwe ni nini, kiasi gani, vinakwenda maabara ipi na kwa matumizi gani. Hasa mbegu.

Halafu posho. Kubalianeni nani analipwa na nani anajitolea. Mwongoza njia anayeacha shamba lake kutwa nzima alipwe kibarua cha siku. Ila kumlipa kila anayejibu dodoso ni kununua majibu, na mtapata majibu ya kununuliwa.

Hatua ya saba: kazi yenyewe

Kila mwanafunzi awe na mwenzake wa kijijini, kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa mfano, atakayejifunza kutumia kifaa na kubaki nacho akilini. Mwanafunzi naye afundishwe kusalimia. "Kamwene" akiwa kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" akiwa Tukuyu. Anayepita bila salamu huambiwa maneno ya adabu, na ukweli unabaki ndani.

Kwa chemchemi, mwalimu mzuri atapendekeza kulinganisha: chemchemi yenye milingoti juu yake na nyingine ya jirani isiyo nayo, zenye udongo na mteremko unaofanana, zipimwe kwa pamoja. Milingoti iliyooteshwa bondeni hunywa maji mengi, hilo halina ubishi mkubwa, lakini kiasi gani kwenu, kulinganisha na ng'ombe wanaokanyaga chanzo na mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, hakuna anayeweza kuwaambia akiwa Dar es Salaam. Na kiangazi kimoja hakitoshi. Pangeni viwili angalau.

Kama kuna sampuli za udongo, kamati ishike jembe. Tembeeni shambani kwa zigizaga, mchukue udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 hivi, mchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, mpunguze mpaka ibaki nusu kilo, mkaushe kivulini. Msichukue penye kichuguu, jivu au samadi. Udongo wetu wa milimani mara nyingi una tindikali. pH ikiwa chini ya 5.5, chokaa inaweza kuwa na faida kuliko mfuko mwingine wa mbolea.

Nilisema nitarudi kwa Sokoine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, chuo hicho kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto na shirika la Japani la JICA kilifanya kazi kwa Wamatengo wa Mbinga. Walianza kwa kujifunza ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo Wamatengo wamelimia vizazi kwa vizazi bila milima yao kuporomoka. Waliona kwamba wenyeji walikwisha kutatua tatizo la mmomonyoko. Katika kijiji cha Kindimba ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, na kwa kuwa mashine haizunguki bila mto, utunzaji wa chanzo na upandaji wa miti vikapata sababu ambayo kila mama mwenye debe la mahindi aliielewa. Kamati ikachukua jina la sengu, desturi ya zamani ya Wamatengo ya kukaa na kula pamoja. Kwangu mimi huo ndio mfano wa kuuonyesha mkutano mkuu wa kijiji, kuliko malengo yote 17 yaliyochapwa kwenye fulana.

Wahehe na Wabena nao wana vinyungu. Mtafiti akifika akavitaja kama uharibifu wa mabonde tu, mwombeni akae msimu mmoja. Wapo wanaolima vinyungu kwa kuharibu, wapo wanaolima kwa kutunza, na tofauti hiyo ndiyo ya kutafitiwa.

Hatua ya nane: marejesho, na sheria ndogo

Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, si kwa viongozi peke yao. Mwanafunzi asimame na mchoro mkubwa wa kuchorwa kwa mkono, aulizwe maswali. Mwalimu wake awepo.

Kisha matokeo yageuzwe kuwa kitu kinachoshika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kipimo hicho ndicho kinachotumika kulinda vyanzo vya maji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, inayoanza kazi baada ya kuridhiwa na halmashauri ya wilaya. Hapo ndipo wanafunzi wa sheria wanapofaa: wakae na kamati, waandike rasimu kwa Kiswahili ambacho mwenye ng'ombe anakielewa.

Kuhusu milingoti, nashauri pole pole. Kuing'oa yote kwa mpigo kunamfilisi mtu na kuacha udongo wazi mvua ya Desemba ikija. Ivunwe kwa awamu, kuanzia iliyo karibu na jicho la chemchemi, na mahali pake ipandwe miti ya asili kama mivengi au mikuyu. Mwenye miti apewe kipaumbele kwenye miche ya parachichi kwa shamba lake la juu. Kama makubaliano haya hayamo kwenye muhtasari, hayatafika msimu ujao.

Pesa, kwa kifupi

Sehemu kubwa ya hayo hapo juu haigharimu zaidi ya nauli, daftari na chakula cha wageni. Kama kuna cha kujengwa, mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2) ni kwa vikundi vilivyosajiliwa, na COSTECH husimamia mfuko wa sayansi na teknolojia, MTUSATE, ambao mhadhiri wenu ndiye wa kuuandikia akiwa na vipimo vyenu mkononi. Vyuo vya serikali, MUST na Mkwawa vikiwemo, vimepata majengo na vifaa kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Ulizeni maabara mpya ina kifaa gani kabla ya kulipia kupima maji kwingine.

Na kwa mashine yoyote mtakayoletewa, sharti ni moja: fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, aweze kuitengeneza. Mwombeni mwanafunzi aifungue na kuifunga mbele ya fundi wenu kabla hajaondoka, aache mchoro na orodha ya vipuri.

Baada ya hapo wekeni sanduku moja la chuma ofisini kwa mtendaji: daftari la vipimo, muhtasari, makubaliano, ripoti ya Kiswahili, mchoro. Watendaji huhamishwa, wanafunzi huhitimu. Februari ikifika, mtoe nakala ya ukurasa wa mwisho wa daftari, muuambatanishe na barua nyingine ya ukurasa mmoja, mkiwaomba kundi jipya la wanafunzi waanzie pale wenzao walipoishia.